Foleni ya Magari Siku ya Guru Nanak

Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulitanda mzito kama maziwa juu ya mji wa Selma, bondeni, hata Charanpal Kaur alipotoka nje ya mgahawa wake hakuziona nguzo zake nne za kuchajia magari, ingawa zilikuwa pale pale mbele ya mlango. Akazisalimia kwa kukisia, akimtaja Mungu kwa jina la Masingasinga.

"Waheguru awalinde, wanangu. Leo ndiyo siku yenu ya hukumu."

Kiwanja kilikuwa cha shemeji yake, Nachhattar Singh, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Charanpal alipouza bangili zake za arusi ili asimike nguzo hizo, Nachhattar alicheka mpaka kilemba kikalegea. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: hadi sikukuu ya Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, ya mwaka unaofuata, nguzo ziwe zinajilisha zenyewe. Zikishindwa atazing'oa, apageuze pawe maegesho ya malori. Sasa sikukuu ilikuwa imefika, na Nachhattar alisema angekuja kabla ya adhuhuri.

Charanpal alikuwa amejipanga. Leo angemtoza kila dereva bila huruma, ili shemeji akute mambo yamenoga. Lakini alfajiri, alipokuwa ameketi kwenye sala, kichwa kimefunikwa, swali lilimjia: siku ya Guru, wewe unauza? Huko Gurdwara, hekaluni kwao, kila mtu anakula langar, chakula cha pamoja, sakafuni, tajiri na mfagizi bega kwa bega, na hakuna anayeulizwa senti. Alijaribu kubishana. Lakini ukibishana na sala, wewe ndiye unayechoka kwanza. Aliinuka akiwa ameshindwa, na cha ajabu, moyo wake ulikuwa mwepesi kama unyoya.

Haukupita muda polisi wakaifunga barabara kuu kwa sababu ya ukungu, na magari yakaanza kumwagikia mjini. La kwanza kuingia lilikuwa la Vartan Keshishyan, mzee wa Kiarmenia mwenye mashamba ya zabibu.

"Mama, niokoe! Betri imebaki roho mkononi. Bei gani leo?"

"Bure. Leo ni langar."

"Chai najua ni bure. Nauliza umeme."

"Umeme nao. Kwani gari halili?"

Vartan alimtazama, akalitazama gari lake, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mlango asianguke. "Miaka hamsini na nane nimeishi bonde hili," alisema akijipangusa machozi, "sijapata kusikia gari likialikwa karamu!"

Habari hiyo ilikimbia kuliko magari yenyewe. Yakaja mawili, yakaja sita, mwishowe foleni ikazama ndani ya ukungu, haijulikani mkia wake uko wapi. Vartan alijipa cheo bila kuombwa. Alichukua upawa wa dengu akasimama katikati ya kiwanja, akiyaongoza magari kama askari. "Wewe wa bluu, sogea! Wewe mweupe, subiri, mwenzako hajashiba!" Ndani, paratha za viazi zilitoka jikoni zikifuka moshi, na madereva wasiofahamiana waliketi chini wakipitishiana achari. Charanpal alikuwa akikimbia huku na huko na birika la chai ya iliki, akicheka peke yake. Kila alipokumbuka adhuhuri alitupia jicho barabarani, kisha mtu aliomba chai, naye akasahau tena.

Nachhattar akatokea ndani ya ukungu, kilemba chake cha rangi ya machungwa kikitangulia.

"Shemeji! Shemeji wa dhahabu!" Alikuwa karibu kucheza. "Foleni imefika hadi duka la matairi! Nami mjinga nilikucheka!" Aliikumbatia nguzo ya kwanza, akaibusu ya pili. Kisha akamgeukia dereva mmoja. "Kijana, amekutoza vizuri?"

"Bure, mzee. Siku ya Guru."

Nachhattar aliketi juu ya ndoo ya unga.

"Bure?"

"Bure," Charanpal alisema.

"Wote hawa?"

"Wote. Hata wewe, ila uvue viatu."

"Langar ni dengu, shemeji! Dengu na roti! Nani amesikia langar ya umeme?"

"Guru alisema walishwe wenye njaa. Hakutaja idadi ya miguu wala magurudumu."

Madereva walipiga makofi. Nachhattar hakucheka. "Sharti ni sharti. Kila Jumapili unayachajia bure mabasi ya Gurdwara, na leo mji mzima. Nguzo zako hazijilishi, zinawalisha watu. Jumatatu naleta tingatinga."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Charanpal aliliweka birika chini.

Hapo akaingia Marisela Urrutia, binti anayeuza vyeti vya nishati safi kwa niaba ya wafanyabiashara wa bonde hilo. Alikuwa amelowa umande, kompyuta ameikumbatia kifuani.

"Mama Charan, mnafanya nini hapa? Mita zenu zinakimbia kama zimefukuzwa na mbwa!"

"Binti, ya leo usihesabu," Charanpal alisema upesi. "Ni ya bure. Na ya Jumapili zote ifute, nilikuwa sijui namna ya kukwambia."

"Nifute kwa nini?"

"Sikuuza chochote."

Marisela akacheka, akaketi sakafuni miongoni mwa madereva, akapokea paratha. "Mama, jimbo haliulizi nani alilipa. Linauliza umeme kiasi gani umeingia kwenye magari badala ya mafuta. Mita ndiyo shahidi. Kampuni za mafuta zikichafua hewa kupita kiwango, lazima zinunue vyeti kwa watu kama wewe. Na kwa kuwa umeme wako karibu wote wa mwaka unatoka kwenye paneli za sola hapo juu ya paa, vyeti vyako ni vingi zaidi."

Nachhattar alisimama polepole. "Subiri. Anagawa bure, na bado analipwa?"

"Kadiri anavyogawa ndivyo vyeti vinavyozaliwa. Vyeti nilivyouza wiki hii vimelipia nguzo hizi gharama zote za mwaka, na chenji imebaki. Jumapili za mabasi ndizo zilizovizaa vingi."

Nachhattar alipiga ukelele, akamkumbatia Marisela, paratha na vyote. Kiwanja kizima kilishangilia. Charanpal peke yake hakushangilia.

"Basi siwezi kupokea," alisema. "Nilimpa Mungu. Nikiuza tena nilichompa, nitakuwa nimetoa nini?"

Nachhattar alikishika kilemba chake kwa mikono miwili. "Waheguru, mpunguzie mwanamke huyu utakatifu, japo kwa dakika tano tu!"

"Shemeji, mimi sifanyi mzaha."

"Nami sharti langu si mzaha! Usipopokea, nguzo hazijajilisha!"

Vartan alikohoa. "Mama, mimi ni mgeni wa dini yenu. Lakini nimekula pale Gurdwara mara nyingi. Wale wanaopika na kugawa, huenda nyumbani na njaa?"

"La hasha! Wakimaliza kugawa nao huketi mstarini, wakala chakula kile kile. Asiyekula langar aliyoipika ana kiburi, mama yangu alikuwa..."

Mkono ukaenda mdomoni. Kisha kicheko kikamtoka kutoka tumboni, kikamtikisa mabega, kikamwambukiza Marisela, kikamfikia hata dereva wa mwisho aliyekuwa hajui kinachochekwa.

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Nitakaa mstarini. Nitakula. Lakini shemeji, nataka kusikia neno lako, na hawa wote walisikie."

Nachhattar alivua viatu. Alipanda juu ya ndoo ya unga, akayumba, Vartan akamshika kiuno. Akaweka mkono kifuani.

"Mimi Nachhattar Singh, mbele ya Guru na mbele yenu nyote, wenye magari na wenye njaa: nguzo hizi hazing'olewi maadamu mimi ni hai. Na kila siku ya Guru Nanak zitachaji bure, nami mwenyewe nitamimina chai."

"Sema tena," Charanpal alisema. "Walio nyuma kwenye ukungu hawajasikia."

Akavuta pumzi, akawapigia kelele: "Hazing'olewi! Naapa, hazing'olewi!"