Nani Aibe Saa za Maji?

Msinione mkali nikikataa watu kurushiana app kwa simu. Lau ningekuwa mkali mapema, yasingenifika haya.

Nilitengeneza app ya kuwaambia kina mama wa Msambweni maji yanageuka saa ngapi. Wao huvuka kwa miguu hadi miambani kuchokoa pweza, na maji yakianza kurudi, hujaa kwanza kwenye mkondo ulio nyuma yao. Ratiba yote imo ndani, haitaki bando. Nikawaacha warushiane simu kwa simu, nami kichwa kikanivimba kwa sifa. Wa kwanza kuitumia alikuwa mama yangu, Mwanapili.

Cornelius, mwenzangu wa kazi pale Ukunda, alinionya. "Kanze, hii kitu yako iko wazi kabisa. Mtu ataifungua, aweke vitu vyake, aisambaze na jina lako. Weka muhuri ijikague yenyewe, ikiguswa ikatae kufunguka."

"We Cornelius nawe! Nani aibe saa za maji?" Nikamcheka.

Siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kwa nguvu, nikateremka kwenda kumwona mama. Mlango umefungwa. Jirani yetu, Mama Menza, alikuwa anakuna nazi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mamako yuko miambani na wenzake. Mbona app yako siku hizi imejaa mambo ya kubeti?"

Akanipa simu yake. Jina ni langu, picha ya pweza ni yangu, na chini tangazo la kubeti linamemeteka. Maji kugeuka leo: saa tano na nusu.

Moyo ukanilipuka paa! Nikatoa simu yangu. Saa nne na nusu. Mshenzi aliyepachika matangazo yake alikuwa amevuruga saa, na wakati ule ilikuwa saa tano na dakika tano.

"Mama naye anayo hii?"

"Sote tunayo. Fundi wa simu alituwekea, akasema ndiyo mpya."

Sikuaga. Nilikimbia huku nampigia. Simu inaita, hapokei. Nilipofika ufukweni, mkondo ulikuwa umekwisha kujaa, na kule ng'ambo niliona wanawake wanne bado wako miambani. Niliogopa, jamani. Nami siku zote najifanya mwanamke shupavu. Nikapiga kelele, "Mama! Tokeni!" Upepo ukanirudishia sauti yangu.

Waliingia majini wameshikana mikono. Wa kwanza akapita. Wa pili. Wa tatu alikuwa anamvuta mama, na maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Mara nikaona leso tu. Ya Rabi! Nikajitosa na nguo zangu, nikamshika kwapani, tukamburuta hadi mchangani.

Alikaa akitapika maji ya chumvi, anatetemeka mwili mzima. Kikapu kimekwenda, viatu vimekwenda. Hofu ikanigeukia hasira, nikamfokea mzazi wangu.

"Mama, wewe unayajua maji haya tangu mimi sijazaliwa! Hukuyaona yanarudi?"

"Niliyaona." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Hawa wenzangu walisema tutoke. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia saa bado, hii ni kazi ya mwanangu, na Kanze wangu hawezi kutudanganya."