Maji Chini ya Reli

Brigitha alizaliwa Tabora, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na kwa miaka kumi na moja sasa kazi yake Stockholm ilikuwa kukagua njia za treni: kutembea, kupima, kuandika. Hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Lakini Aprili ile alishangazwa na mzee wa miaka themanini na minne.

Mzee mwenyewe aliitwa Sixte, Mfaransa, jirani yake huko Vällingby, pembeni mwa jiji. Alihamia Uswidi baada ya kufiwa na mkewe, ili awe karibu na binti yake, Aurore. Siku ya kwanza walikutana kwenye lifti, Brigitha akiongea na dada yake kwa simu. Mzee akageuka. "Jambo, mama. We unatoka wapi?" Kumbe ujanani alijenga reli Kalemie, Kongo, na Kiswahili cha huko hakikumtoka. Tangu hapo kila Jumamosi walikunywa chai pamoja, na mzee alisikiliza habari za kazi ya Brigitha kama mtu anayepata salamu kutoka kwao.

Jumamosi moja Brigitha alikuwa na jambo linalomkera. "Kuna mahali, mzee, nje kidogo ya jiji, njia inapita juu ya tuta refu. Kila wiki reli inashuka milimita tatu. Tunajaza kokoto, inashuka tena. Mashine inasema bado haijavuka kipimo, na bosi anasema tungoje Juni."

"Mashine inapima chuma," Sixte alisema. "Na maji, nani anapima?"

"Maji gani?"

"Kesho unipeleke kule."

Wakaenda, Jumapili mchana, wakifuata njia ya waenda kwa miguu iliyo chini ya tuta, nje ya uzio. Theluji ilikuwa inayeyuka na kila mfereji unanguruma. Sixte hakuinua macho kutazama reli hata mara moja. Brigitha alidhani mzee amekwishachoka. Lakini alishuka taratibu kwa fimbo yake hadi pale kijito kinapoingia kwenye kalvati, bomba kubwa la zege linalopenya chini ya tuta. Akachota maji kwa kiganja, akayatazama, akayamwaga.

"Sasa upande wa pili," alisema.

Upande wa pili ulikuwa mbali, mpaka wazungukie kivuko cha chini, na magoti ya mzee hayakutaka haraka. Iliwachukua karibu saa nzima. Alipofika akainama tena, akachota, akamwonyesha Brigitha kiganja chake.

"Tazama, mama. Kule yanaingia safi. Hapa yanatoka na nini?"

Tope. Tope laini la kahawia, kama chai ya maziwa.

"Huu udongo haukuanguka toka mbinguni. Ni tuta lako linaondoka, kidogo kidogo. Chini ya reli kuko shimo, tena kubwa."

 Miaka kumi na moja Brigitha amepima chuma kwa milimita, na hajawahi kuinama akatazama rangi ya maji. Akatazama saa. Treni ingepita baada ya dakika kumi na nane.

"Nikiisimamisha, halafu shimo lisiwepo?"

"Watu watachelewa. Watakutukana. Na jioni watalala kwao."

Akapiga simu kituo cha kuongozea treni. "Stoppa all trafik," alisema, simamisheni treni zote, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. Walimuuliza mahali tu. Treni ikazuiwa kituo cha nyuma.

Mafundi walifika, wakiongozwa na Jonas, msimamizi wa zamu, wakapanda tutani pamoja na Brigitha. Waliondoa kokoto kati ya mataruma mawili, ile mihimili inayobeba reli, na mmoja akachomeka nondo ya mita tatu. Ikazama yote bila kugusa kitu. Wakapanua tundu, wakamulika. Chini ya reli palikuwa na pango ambamo chumba cha jiko cha Brigitha kingeingia kizima, na meza yake na viti vyake. Reli zilikuwa zimening'inia tu juu ya utupu. Jonas alivua kofia.

Brigitha alishuka kwa mzee, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe, suruali imelowa tope. "Umejuaje?"

Sixte alipangusa tope kwenye fimbo yake.

"Niliyaona maji haya mara moja, milimani kwetu Ufaransa, mwaka sabini na tisa. Ilikuwa Alhamisi. Kanuni ilisema makao makuu peke yao ndio wanafunga njia. Nikaandika barua ya haraka. Jumamosi treni ikapita, tuta likaporomoka chini yake. Dereva alikuwa kijana, Zénon. Barua yangu ilifunguliwa Jumatatu."

Brigitha alichuchumaa mbele yake.

"Basi nikaacha michoro ya uhandisi. Nikaingia ofisi ya serikali. Sikuipenda, mama, hata siku moja. Mikutano, mawaziri, makaratasi. Walinicheka. Nikakaa miaka kumi na tisa, nikapewa uongozi wa reli za mkoa mzima. Nilitaka mistari miwili tu ya kanuni: mtu yeyote anayefanya kazi njiani, hata anayefagia kokoto, anaweza kusimamisha treni bila kuomba ruhusa; na akikosea, haadhibiwi."

"Ukaipata?"

"Mwaka wa kumi na sita. Siku ile nilimpelekea mama yake Zénon karatasi, akaisoma mwenyewe."

Brigitha alimtazama: mzee mdogo wa mwili, anatetemeka, aliyetumia umri wake mahali asipopapenda kwa ajili ya sentensi mbili. Yeye Brigitha aliwahi kusimama chini ya milima na makanisa makubwa, na hakujihisi mdogo kama alivyojihisi mbele ya jiwe lile. Akavua koti lake la kazi, akamvika.

Njia ilifungwa siku ishirini na tatu. Bosi alimwomba Brigitha aandike utaratibu wa kukagua maji kwenye kila kalvati, naye akauandika.

Lakini Jumapili ile, walipokuwa wakirudi barabarani polepole, basi lililowabeba abiria wa ile treni liliwapita. Lilikuwa limejaa. Mwanamke mmoja alikuwa akilalamika kwa simu, mtoto amelala begani mwake. Sixte alisimama kando ya barabara, akawatazama dirisha kwa dirisha, midomo yake ikihesabu, mpaka basi likakata kona.