Mashine Nyuma ya Pazia

"Vua viatu," Haron Muchiri alimwambia. "Mashine haitaki vumbi."

Tobias Nzuki, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, akainama pale juu ya duka la misumari, River Road, akafungua kamba. Soksi yake ilikuwa na tundu. Wanafunzi wenzake wakaliona, wakajifanya hawajaliona, maana nao walikuwa na yao.

Eti chuo cha kompyuta. Chumba kimoja, mabenchi manne, ubao, na pazia la kijani. Nyuma ya pazia ndiko mashine ilikokaa, ikingoja kipuri kutoka Uingereza. Kipuri chenyewe kilikuwa baharini tangu chuo kifunguliwe. Wanafunzi waliandika programu zao kwa penseli, na Haron, mwalimu mkuu na mwenye chuo, akazisahihisha kwa kalamu nyekundu kana kwamba yeye ndiye mashine.

Tobias alikuwa karani wa bima katikati ya jiji. Kompyuta ilipoletwa ofisini, makarani walipangwa mstari waipigie makofi, wakapewa soda, na mwisho wa mwezi wakafutwa kazi. Watu wengine hawana haya hata kidogo. Meneja ndiye aliyemwambia, "Kasomee hii kitu, Nzuki. Ukileta cheti, kiti chako kipo." Kwa neno hilo Kavata, mkewe, aliuza cherehani. Kwa neno hilo hilo mwenye nyumba wao kule mtaa wa Jamhuri alikubali kuwavumilia. Kazi isipopatikana, Kavata na watoto watapanda basi warudi Kitui.

Siku moja akaja mkaguzi wa leseni, tumbo mbele, naye akavua viatu. Alipofungua pazia, Tobias aliyekuwa benchi la mbele akaona: friji kuukuu, limepakwa rangi ya kijivu, na taa mbili za baiskeli zimebanwa mlangoni.

Mkaguzi alilitazama sana. Kisha akarudisha pazia taratibu.

"Mashine nzuri," akasema. "Ila hapa kuna joto. Iwekeeni feni."

Akaketi kula nyama choma aliyonunuliwa na Haron. Tobias alitaka kusimama aseme, lakini mtihani ulikuwa wiki ijayo, na bila cheti hakuna kiti. Akajidanganya kwamba programu ni akili, si bati.

Alipokipeleka cheti kwa bima, meneja alikisoma bila kumwambia aketi.

"Nani alikutuma River Road?"

"Ni wewe, bwana. Ulisema nisome."

"Nilisema usome. Sikusema usomee juu ya duka ya misumari. Hicho kiti kina kijana ametoka ng'ambo. Haya, wewe ulifundishwa na mashine gani?"

"Ilikuwa inangoja kipuri."

Meneja alicheka, akamwita sekretari aje asikie. Tobias akarudia, kwa sababu aliambiwa arudie.

Alishuka moja kwa moja hadi River Road, akamkuta Haron akipiga mswaki dirishani.

"Nataka pesa yangu, ama naenda polisi."

"Polisi watakuja kuona nini, na leseni iko ukutani?" Haron akatema povu nje. "Keti, mzee. Kusema kweli, programu zako ni safi kuliko zangu. Jumatatu anza kufundisha. Mwezi ukiisha, landilodi wako amelipwa."

Tobias alimdharau mtu yule hadi mate yakawa machungu mdomoni. Kisha akauliza darasa linaanza saa ngapi.

Jumatatu benchi la mbele lilikuwa na Milcah, mjane waliyekaa naye meza moja kule bima. Naye walimfuta siku ile ile. Akainua mkono.

"Bwana Nzuki, nimefurahi ni wewe. Wangekuwa wengine, tungeogopa ni watu wa kutula pesa. Niambie tu ukweli: nikimaliza hapa, nitapata kazi?"

Haron alikuwa mlangoni, akihesabu vichwa.

"Utapata," Tobias akasema.

Milcah akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti, na darasa zima likaitikia amina.