Mkanda wa Mashine na Mguu wa Mkwe

Lesikar alikuwa amejilaza chini ya mashine yake ya kusaga, akifuta grisi kwenye mkanda uliokatika ili asome namba yake. Nje, madebe ya mahindi yalijipanga foleni hadi barabarani.

"Baba Lengai, imeonekana?" aliuliza mkewe, Namnyaki.

"B sitini na nane."

"Basi mpigie Lengai kabla hajafunga duka. Keshokutwa binti yako Naisula anapata kipaimara. Wageni tutawapa ugali wa nini?"

Tangu mashine ile ifike, hakuna tena mwanamke kijijini aliyetwanga. Vinu vilikuwa vimegeuka viota vya kuku.

Lengai, mtoto wao wa kwanza, aliuza vipuri Kaloleni, mjini. Ndiye aliyewaletea simu ya mkononi, nayo ilipata mtandao kwenye kilima cha kanisa tu. Wakapanda.

"Shikamoo, baba," sauti ya Lengai ikasikika.

"Marahaba." Lesikar akaishusha simu, akaigusa juu kwa kiganja kama mzee anavyomgusa kichwa kijana aliyeinama kumwamkia, kisha akairudisha sikioni. "Watoto wazima?"

"Wazima. Ng'ombe je?"

"Wazima. Yule mwekundu amezaa."

"Jike?"

"Jike. Mvua imefika huko?"

"Manyunyu tu, baba."

"Mkanda!" Namnyaki alinong'ona.

Lesikar akaziba simu kwa mkono. "Nimwambie mtoto shida kabla sijamjulia hali? Mimi mwizi?" Akaendelea, "Na mkwe wako, ule mguu wake..."

Simu ikakata. Salio lilikuwa limekwisha.

Namnyaki akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka shuka likamdondoka begani. "Haya. Sasa ndama atatusagia."

Lesikar aligeuka kutazama kijijini. Chini kule, duka la vocha lilikuwa limefungwa. Ndipo simu ikalia.

"Baba, samahani, umeniuliza habari ya mkwe, siwezi kulala bila kukujibu. Mguu..."

Namnyaki akaipokonya. "Lengai! Mkanda umekatika, B sitini na nane!"

"Mama, shikamoo..."

"Marahaba, B sitini na nane! Mpe dereva wa lori la maziwa, alfajiri!"

"B sitini na nane. Nimesikia, mama, ninao dukani. Hebu nipe baba, mguu wa..."

Ikakata tena. Safari hii salio la Lengai.

Waliposhuka, wanawake waliokuja kusaga walikuwa wameondoka, kila mmoja ameacha debe lake mahali pake kwenye foleni. Lesikar akarudi chini ya mashine, akasafisha puli mkanda unapozungukia, akalegeza nati ili mkanda mpya uingie bila taabu. Giza likamkuta hapo.

"Acha, njoo ule," Namnyaki aliita.

"Nakuja. Ila habari ya ule mguu hatujaimaliza."

"Kesho," alisema Namnyaki. "Mashine ikishanguruma."

Lesikar akaiacha spana juu ya nati iliyolegezwa, akamfuata.