Mama Asiguse Kitu

Kila asubuhi Ok-bun na rafiki yake Sun-rye walipanda kilima cha karibu na mtaa wa Wakorea, Los Angeles, na kushuka kinyumenyume ili magoti yasigande. Ok-bun alikuwa na miaka sabini na tisa, na miguu yake haikuwa na neno.

Balaa lililetwa na kabichi. Muumini mmoja wa kanisa lao alimkuta Ok-bun amebeba gunia la kabichi za kimchi, achari ya Kikorea, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linanong'ona kwamba mwanawe, Gi-tae, anamtumikisha mama yake. Gi-tae naye alikuwa akigombea uzee wa kanisa. Alitahayari vibaya sana.

Tangu siku hiyo Ok-bun hakuruhusiwa kuosha hata kikombe. Kilima kilipigwa marufuku. Mkwewe, mke wa Gi-tae, alimletea supu kitandani, na Ok-bun akilalamika aliambiwa amehangaika vya kutosha, sasa ni zamu yake kupumzika. Sun-rye alipomfuata, Gi-tae alimwinamia kwa adabu zote, akammenyea mapeasi, kisha akaenda kuwasha gari amrudishe kwake.

"Dada, toroka," Sun-rye alinong'ona. "Wanakuozesha hapa."

"Nitamwaibisha mwanangu. Ngoja kura ipite."

Kura ikapita, Gi-tae akashinda, na mambo yakawa mabaya zaidi. Mama wa mzee wa kanisa ataonekanaje akihema vichakani? Upuuzi mtupu, lakini hakuna aliyethubutu kusema.

Ok-bun alipotimiza miaka themanini walimfanyia karamu ukumbini, wakamfikisha kwa kiti cha magurudumu ili asichoke. Wajukuu walisujudu mbele yake. Kisha, kama ilivyo ada ya Wakorea, Gi-tae alimbeba mama yake mgongoni akacheza naye kuzunguka meza, watu wakipiga makofi, mchungaji akifuta machozi. Sun-rye peke yake alikuwa anatazama ile miguu inayoning'inia.

Wimbo ulipokwisha Gi-tae alimshusha. Ok-bun akaporomoka hadi sakafuni.

"Simama, Mama," Gi-tae alisema chinichini, akitabasamu. "Watu wanatuangalia."

"Siwezi. Tangu Krismasi nakwenda chooni kwa kutambaa, mkishaenda kazini."

"Mbona hukuniambia?"

"Watu walikuwa wanakusifu, mwanangu."

Gi-tae alichuchumaa, akampa mgongo tena. Wageni wakadhani ngoma inaendelea, wakapiga makofi kwa nguvu zaidi.