Mkwe wa Mzee Baya

Mtungi ulikuwa mzito kuliko Nduku alivyodhani, na kila alipojikwaa, pombe ya mnazi ilimwagika kidogo ikamchuruzikia shingoni. Mama wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, na sasa ananuka kilabu kizima! Alijicheka peke yake njiani, akamwomba Mungu asikutane na mchungaji kabla hajafika Kakuyuni.

Miaka ile ya themanini, wakati darasa la nane lilikuwa bado jambo geni, Nduku alikuwa dobi wa hoteli moja ya watalii pale Malindi. Alitoka Machakos akiwa kigoli, akaolewa, akafiwa na mume kabla hawajajaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa pasi. Kutwa nzima alinyoosha mashuka meupe ya wageni, na shuka lilipochakaa msimamizi alimruhusu kulichukua. Hayo mashuka ndiyo yaliyoanzisha mambo yote. Aliyachana vipande, akavikunja na kuvipiga pasi, akawagawia wasichana waliokuwa wakikosa shule kila mwezi kwa kuona haya. Walifuata vitambaa, wakabaki kwa hesabu. Jumamosi mchana chumba chake cha kupanga kilijaa wasichana, wamekaa sakafuni, vitabu magotini, naye akiwafundisha sehemu na asilimia huku pasi ya makaa ikipita juu ya sare walizomletea. Walimwita Mwalimu. Yeye aliishia darasa la saba tu, lakini hakuwahi kuwasahihisha. Jina lile alilipenda mno.

Nyevu ndiye aliyetoka mbali kuliko wote, Kakuyuni, akifuatana na wanawake waliokuja sokoni kuuza mboga. Alikuwa mkimya na mwepesi wa hesabu, na alikuwa na tabia ya kuuma kola ya gauni akifikiri. Jumamosi moja hakuja. Wanawake wa mboga wakasema babake amemtoa shule: kuna mjane wa kiume wa Mariakani mwenye malori, na watu wake watakuja na mnazi wa posa mara mahindi yakishavunwa. Na mtihani je? Wanawake wakacheka. Mtihani gani tena?

Nduku alikosa usingizi. Jirani yake Kahonzi, Mgiriama aliyeuza mnazi nyuma ya nyumba ile, akamshauri. "Nenda ukaseme na Mzee Baya mwenyewe. Ila huendi kwa mzee wetu mikono mitupu, mwenzangu. Chukua mnazi kidogo, wa kufungulia mdomo."

Kidogo, alisema Kahonzi. Lakini Nduku alilelewa kwamba mgeni anayeleta kidogo amekuja kutukana. Jumapili baada ya ibada alinunua kilabuni mtungi mkubwa kuliko wote, akaufunika kwa jani la mgomba, akaondoka. Kahonzi hakuwapo. Angekuwapo, angepiga kelele.

Mzee Baya alikuwa mgema. Alikuwa juu ya mti wa mnazi, kisu kiunoni, mgeni alipoingia uani. Akaanza kuteremka kwa madaha yake, akauona mtungi, akaharakisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mayo. Karibu sana, mama." Hakuwa akimtazama Nduku, alikuwa akiupima mtungi kwa macho. Akamwita nduguye, Kazungu, aliyeishi boma lile lile. Akamwita mkewe. Nyevu alipotokeza uso mlangoni, akafukuzwa ndani.

Mkeka ukatandikwa. Baya akachota kwa kata, akanywa, akampa Kazungu. Wakanywa tena, polepole, kama watu wanaosikiliza. Mamake Nyevu alikaa pembeni na hakugusa, kwa kuwa mama hunywa mwisho. Nduku aliwatazama akafurahi: kumbe mambo ni mepesi hivi!

"Umefanya heshima," alisema Baya, akajifuta midomo. "Sasa tuambie. Huyo kijana wako anaitwa nani?"

"Kijana yupi, mzee?"

"Huyo unayemposea."

Nduku aliuona mtungi upya, ukubwa wake wote, akaelewa. Alikuwa na mpwa kwao Machakos. Jina lake lilimfika hadi ncha ya ulimi. Angelitamka tu, mambo yangekwisha. Lakini hakuweza kumwokoa mtoto kwenye posa moja kwa kumtia kwenye posa nyingine.

"Sina kijana," alisema. "Mungu hakunijalia. Nimekuja kumwombea Nyevu asome. Akae kwangu mpaka mtihani. Akifaulu, aendelee. Mnazi ulikuwa wa kuamkia tu. Nimekosea kipimo. Nisameheni."

Kazungu akaangua kicheko, akajipiga paja. "Ndugu yangu, umekunywa posa ya shule!"

Baya hakucheka. "Umeninywesha nyumbani kwangu, na bwana arusi hakuna?" Akasimama. Desturi aliijua kila mtu pale: mnazi wa posa ukishanywewa, hakuna mwingine awezaye kuleta wake, isipokuwa ule wa kwanza urudishwe, na urudishwe umejaa. Kwa mtu mwingine ingekuwa taabu. Kwa mgema haikuwa kitu. Kibuyu chake cha asubuhi kilikuwa kimening'inia pale pale kwenye nguzo, kimejaa mpaka shingoni. Akakichukua aujaze mtungi.

Nduku alilia. Alilia bila kujificha, mwanamke mzima, mbele ya watu asiowajua, kwa sababu alikuwa amekuja kufungua mlango na sasa aliuona ukifungwa kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo mamake Nyevu akasogea. Akaitwaa kata iliyokuwa mkekani, akaichovya mtungini mpaka mkono ukaloa, akanywa. Akanywa yote, macho yakiwa juu ya mumewe, akaigeuza kata juu chini ili aone haina tone.

"Nami nimekunywa," alisema.

Baya alibaki na kibuyu mkononi. Mama wa msichana akishakunywa, haurudi tena. Alimtazama mkewe kitambo kirefu, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta chumba asichokijua. Kisha akakirudisha kibuyu kwenye nguzo, akakaa.

"Na wale wa Mariakani?" aliuliza Kazungu.

"Wataambiwa kuna mnazi uliotangulia." Baya akamgeukia Nduku, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Basi, mkwe. Kama ni posa, iwe posa. Mtoto huyu akiharibikiwa, nitakuja kukuuliza wewe."

Naye hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Jumamosi iliyofuata wapangaji wenzake Nduku walitoka nje mbio, wakidhani kuna arusi. Shangazi zake Nyevu, Baya na mkewe nyuma yao, walikuwa wakiingia uani kwa nyimbo na vigelegele, wamemweka msichana katikati, amefunikwa leso mpaka kifuani, na chini ya leso yanaonekana marinda ya sare ya shule. Kahonzi alicheka mpaka akakaa chini. Wakamwingiza chumbani, wakamketisha kitandani, wakaimba wimbo wa mwisho, wakaondoka na Baya, wakizidi kuimba njiani.

Nduku akabaki na bi arusi wake. Alijua kuna maneno ya kusema kabla ya kumfunua, lakini hakuna aliyemfundisha, na aibu ikamshika kama aliyeolewa ni yeye. Akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Nyevu. Umekula?"

Leso ikatikisika. "Bado, Mwalimu."

Nduku akainuka kuwasha jiko. Mamake Nyevu alikuwa angali amesimama kizingitini, viatu mkononi, macho yakiwa juu ya leso ya mwanawe, hajaingia wala hajaondoka.