Nukta ya Saa Saba

Nguo zilizotakiwa zilikuwa tatu tu: shati, suruali na shuka. Monika alizifua Alhamisi, na Ijumaa asubuhi akakaa barazani akizikunja polepole mno, kama mtu asiyetaka kazi iishe. Kesho yake zingezikwa badala ya mume wake.

Mto ulimchukua Mayige mwezi wa tatu, saa tisa alasiri, akivusha ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe walitoka wote. Yeye hakutoka. Watu wa kijiji chao cha Sola walipekua matete na magogo siku tisa, wakarudi mikono mitupu. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, pamba imefunguka mashambani, mto umebaki mchanga na vidimbwi. Mzee Luhaga, baba yake Mayige, akasema yatosha. Zikeni nguo, matanga yaishe, watu warudi kwenye kazi zao.

Monika hakubishana na mkwewe mbele za watu. Lakini alijua kwamba udongo ukishaangukia lile shati, hakuna atakayemtafuta Mayige tena. Na yeye akionekana mtoni, watasema akili imemruka.

Karibu saa nne pikipiki iliingia uani. Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye miwani, begi amelikumbatia kifuani.

"Mwadila," alisalimia.

"Hiyo ni ya jua likishageuka," alisema Luhaga. "Asubuhi tunasema mwangaluka. Karibu hivyo hivyo."

"Asante, mzee. Naitwa Januarius. Nafuatilia ndege."

"Wamekuibia nini?"

Mgeni akacheka peke yake, kisha akaziona zile nguo, akanyamaza. Alipopewa kigoda alieleza. Kuna korongo weupe wanaotoka Ulaya kila mwaka kuja kula huku. Baadhi wamefungwa mgongoni kifaa kidogo kinachokula jua. Kifaa kinaiambia setilaiti kilipo, na setilaiti inaweka nukta kwenye simu yake. Korongo mmoja alibaki Sola tangu mwezi wa kwanza, nukta zake zikakatika mwezi wa tatu. Siku tisa zilizopita zilianza tena.

"Ndege ana chaji," alisema Luhaga, "na mimi simu yangu imezima tangu jana."

Lakini Monika alikuwa ameacha kukunja. "Ni kitu cheusi? Kama kiberiti, kina uzi wa waya nyuma?"

"Umekiona wapi, mama?"

"Korongo wenu alikufa zamani. Mume wangu alimkuta chini ya nyaya za umeme. Kifaa kilikuwa na namba, akapiga. Simu ikakatika, akasema mtakuja tu. Akakivaa shingoni kwa kamba ya ngozi watoto wasikichezee. Alisema mali ya watu haiachwi ovyo."

Januarius alivua miwani. "Simu ile niliipokea mimi. Mtandao ulikuwa mbaya. Nilisikia 'Mayige hapa, Sola', ikakatika. Nikamuuliza mlinzi wetu, yeye ni Msukuma, mayige ni nini. Akaniambia ni nzige."

"Ni nzige kweli," alisema Luhaga. "Alizaliwa mwaka wa nzige. Ndilo jina lake."

"Mimi nikaandika kwamba Sola kuna nzige na ndege wetu anakula vizuri. Nukta zilizunguka malishoni kila siku. Nikaona zinapatana."

Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Kwa hiyo miezi miwili," alisema Monika, "ulikuwa unamtazama mume wangu akichunga."

"Ndiyo, mama. Bila kujua."

"Na sasa?"

Januarius akageuza simu wote waione. Kifaa kilituma nukta moja kwa siku, saa saba mchana, kikishashiba jua. Nukta ya kwanza ilikuwa kwenye kona ya mto, penye mkuyu ulioanguka. Ya pili ilikuwa juu ya ukingo. Ya tatu ilikuwa ndani ya pamba ya jirani yao Sylvester. Ya nne ilifuata njia ya ng'ombe, na ya tano, na ya sita, kila siku karibu zaidi. Ya nane ilisimama nyuma ya zizi.

"Ya jana," alisema Januarius kwa sauti ndogo, "ni hapo nyuma ya jiko. Ndiyo maana nimekuja. Nilidhani kuna mtu kakiokota, anakileta kidogo kidogo."

"Nani anatembea mita mia tatu kwa siku?" aliuliza Luhaga. "Konokono?" Lakini hakucheka.

Monika alitazama nyuma ya jiko. Jana saa saba alikuwa hapo, akianika. Jua lilikuwa kali, suruali na shuka vilikauka upesi. Shati lilikataa. Alilikamua mara mbili, na kila alipolishika lilikuwa bichi, kama limetoka kuchovywa majini.

Hakuwaambia. Alisema tu, "Tusubiri ya leo."

Wakasubiri. Uji ulipoa vikombeni. Saa saba ilipofika simu ililia mara moja, na Januarius akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pale pembeni ya shamba kuna nini?"

"Pana shimo," alisema Luhaga. "Wamelichimba leo alfajiri."

Wakaenda, Monika mbele. Shimo la nguo lilikuwa tupu. Luhaga, na uzee wake, aliingia ndani akapapasa pande zote kwa viganja. Alitoka na udongo kwenye kucha.

"Ni hitilafu," alisema Januarius. "Setilaiti hukosea, mzee. Mita kumi, ishirini."

"Siku kumi mfululizo? Ikosee kwa kufuata njia ya ng'ombe wangu?"

Januarius aliipangusa miwani.

"Amekuja kuona tunazika nini," alisema Monika. "Twendeni kwenye nukta ya kwanza."

"Mayu, mama yangu, kule tulipekua," alisema Luhaga.

"Tulipekua maji, baba. Sasa ni mchanga."

Luhaga alimtazama mkwewe, akatazama shimo. Kisha akachukua jembe.

Mkuyu ulikuwa umelala kifudifudi kwenye kona ya mto, mizizi yake imeshika tope lililokauka likawa gumu kama tofali. Hapakuwa na unyayo wa mtu wala wa mnyama. Monika ndiye aliyekiona: kioo chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kikichungulia jua kati ya mizizi miwili. Januarius alikivuta. Hakikutoka. Akapiga magoti, akafuta vumbi, akainama karibu.

"Vimizizi vimeota juu ya kamba," alisema mwishowe. "Hiki hakijasogea. Tangu mafuriko hakijasogea hata kidogo."

Luhaga alivunja tope kwa jembe, kwa uangalifu, kama anayelimia mche mchanga. Palipolainika Monika alimwomba aache, akaendelea kwa mikono. Alifuata kamba ya ngozi. Ilishuka chini ya mzizi mkubwa, ikafika kwenye fundo alilolifunga yeye mwenyewe, fundo la mara tatu, siku Mayige alipolalamika kamba inalegea. Chini ya fundo palikuwa na ukosi wa shati la buluu.

"Ni yeye," alisema.

Hakupiga yowe. Aliweka kiganja juu ya ule ukosi, akakiacha hapo. Mzee Luhaga aliketi mchangani, na kilio ambacho hakukilia miezi minne kikamtoka mara moja, kwa Kisukuma, akimwita mwanawe kwa majina ya utotoni. Kilipokwisha aliazima simu ya Januarius akamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alifika na wazee wawili, wakaona, wakavua kofia. Walipokwisha kumfukua, Luhaga akavua koti lake, akalitandika.

Januarius alikuwa amerudishiwa simu yake, anazitazama nukta kumi, kisha kifaa kilichobanwa na mizizi, kisha nukta tena.

"Mzee," alianza, "kama hiki kilikuwa hapa siku zote, aliyekuwa anatembea kule nyumbani ni—"

"Usiimalize," alisema Luhaga. "Weka simu mfukoni. Shika upande wa miguu."